Amri ya Kufunga Kazi Iende na Posho Yake

Usiku wa tarehe 21 Machi 2020, saa sita kasoro dakika moja, kazi ilisimama Rwanda nzima. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba watu wote wakae majumbani. Maduka yasiyouza chakula wala dawa yafungwe. Mabasi yasitoke mji mmoja kwenda mwingine. Pikipiki za abiria zisimame, baa zifungwe, mipaka ifungwe isipokuwa kwa mizigo na kwa wenyeji wanaorejea. Tulikuwa tumekwisha tangaziwa mgonjwa wa kwanza wa Korona tarehe 14 Machi, siku saba tu kabla ya hapo. Rwanda ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kusini mwa Sahara kufunga nchi nzima.

Tuliambiwa ni wiki mbili. Zikawa zaidi ya sita, maana kufungua kidogo kidogo kulianza tarehe 4 Mei. Motari wa Kigali walingoja mpaka tarehe 3 Juni ndipo wakaruhusiwa kubeba abiria tena. Baadaye mji wetu wa Kigali ukafungwa mara ya pili mwezi Januari 2021, na mara ya tatu mwezi Julai 2021, safari hiyo pamoja na wilaya nane.

Leo mambo hayo yameanza kusahauliwa. Stendi ya Nyabugogo imejaa watu, hoteli zinapokea wageni, na barakoa zimebaki kwenye droo. Lakini chama cha wafanyakazi hakina ruhusa ya kusahau. Gonjwa jingine lilikwisha piga hodi Kigali mwaka 2024, na hakuna ajuaye la tatu litakuja lini. Kwa hiyo tunataka kusema jambo moja, na tunalisema wazi: Serikali yenye uwezo wa kusimamisha mikono ya mfanyakazi kwa usiku mmoja haina budi kuwa na njia iliyoandikwa katika sheria ya kumlisha mfanyakazi huyo kuanzia asubuhi yake.

MEMA YALIYOFANYIKA

Hatuandiki haya kwa kuwa tunataka kubeza. Penye sifa tutoe sifa.

Rwanda haikushtukizwa usingizini. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma, hatua chache tu kutoka Rubavu, watumishi wetu wa afya walikuwa wakifundishwa na wasafiri walikuwa wakipimwa joto mipakani. Mazoezi hayo yalifaa. Mwanzoni mwa Machi 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajaonekana, mabeseni ya kunawia mikono yalikwisha wekwa kwenye stendi za mabasi za Kigali. Mafundi wa mabomba waliofanya kazi hiyo hawakutajwa magazetini, lakini kazi yao ilitulinda sote.

Nchi ilikuwa na mtandao wa washauri wa afya vijijini, watu zaidi ya 50,000, waliochaguliwa na wananchi wenyewe. Ilikuwa na bima ya afya ya mituweli inayowafikia walio wengi. Vipimo vilipokuwa haba, wataalamu wetu, akina Profesa Léon Mutesa na wenzake, walitengeneza hesabu ya kuchanganya sampuli za watu wengi na kuzipima kwa pamoja, ili kuokoa vifaa na fedha. Kazi yao ilichapwa katika jarida la Nature mwaka 2020. Chanjo zilipofika, Rwanda ilianza kuchanja kwa wingi tarehe 5 Machi 2021, na wa kwanza kuchanjwa walikuwa watumishi wa afya na wengine waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Kwa hesabu za Serikali, waliokufa kwa Korona nchini hawakufika 1,500. Kila mmoja wao alikuwa mtu na ana watu wanaomlilia. Hata hivyo zipo nchi tajiri zilizozika watu wengi zaidi kwa siku moja.

Tazameni majirani. Tanzania iliacha kutangaza hesabu ya wagonjwa baada ya tarehe 29 Aprili 2020. Masoko yake hayakufungwa wala mabasi yake hayakusimama. Mchuuzi wa huko alibaki na riziki yake, ila hakuambiwa ukubwa wa hatari iliyokuwa mbele yake. Hapa kwetu mambo yalikuwa kinyume: tuliambiwa hatari, tukakingwa nayo, lakini wengi wetu tukanyang'anywa riziki. Mfanyakazi asilazimishwe kuchagua moja kati ya hayo mawili. Anastahili kinga, na anastahili chakula.

TUMBO HALIJUI KARANTINI

Amri ya tarehe 21 Machi ilikuwa moja kwa wote, lakini haikuwaangukia wote kwa uzito mmoja. Sisi katika kazi zetu za chama tuliwaona wafanyakazi wakigawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la watumishi wa Serikali. Hao walikaa nyumbani na mshahara ukaingia benki mwisho wa mwezi. Hatuwaonei kijicho. Hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa kwa kila mtu.

Fungu la pili ni la wenye mikataba katika makampuni: wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii, walimu wa shule za watu binafsi, makarani wa maduka. Hao walipokea barua. Sheria ya kazi, namba 66 ya mwaka 2018, inamruhusu mwajiri kusimamisha mkataba kwa sababu za kiuchumi kwa muda usiozidi siku 90. Katika siku hizo mfanyakazi hafanyi kazi wala halipwi. Hajafukuzwa, basi hadai kiinua mgongo. Hayumo kazini, basi hadai mshahara. Ananing'inia kama nguo kambani. Hoteli za Kigali zilikuwa zimejitayarisha kwa mkutano mkuu wa nchi za Jumuiya ya Madola uliotazamiwa Juni 2020. Mkutano ukaahirishwa, na haukufanyika mpaka Juni 2022. Walimu wa shule za binafsi walikaa tangu katikati ya Machi hadi Novemba 2020, shule zilipoanza kufunguliwa kwa zamu. Hiyo ni miezi zaidi ya saba. Siku 90 za sheria zilikwisha katikati ya njia.

Fungu la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni la wasio na barua wala mkataba. Huyo ni kibarua wa ujenzi anayesimama alfajiri kwenye kona akingoja kuchaguliwa. Ni mama anayebeba ndizi kichwani, ni mfuaji nguo, ni mshona viatu, ni motari anayekodi pikipiki ya mtu na kumpelekea mwenyewe hesabu kila jioni. Mtu wa namna hii hula jioni kile alichokipata mchana. Ukimwambia akae nyumbani siku kumi na nne, umemwambia afunge siku kumi na tatu.

Hesabu za Idara ya Taifa ya Takwimu zinaonyesha jambo hilo bila kuficha. Mwezi Februari 2020 wasio na kazi walikuwa asilimia 13.1 ya nguvukazi. Mwezi Mei walikuwa asilimia 22.1. Katika miezi mitatu tu tulitoka mtu mmoja katika wanane tukafika zaidi ya mtu mmoja katika watano. Mwezi Agosti idadi ilishuka hadi asilimia 16, na mwaka 2021 uchumi ukainuka tena kwa nguvu. Wakubwa wa uchumi walifurahi, na sisi tulifurahi. Lakini deni la kodi ya nyumba la Aprili na Mei halikufutwa na kuinuka huko. Aliyeuza cherehani yake ili watoto wale hakurudishiwa cherehani.

HISANI NA HAKI

Serikali haikukaa kimya. Kuanzia tarehe 28 Machi 2020 chakula kiligawiwa Kigali nyumba kwa nyumba: mchele, unga, maharage, na vinginevyo. Viongozi wa mitaa, kuanzia umudugudu hadi isibo, yaani kundi la nyumba chache zinazotazamana, ndio walioandika majina na kubeba magunia. Majirani walichangia. Tarehe 5 Aprili mawaziri, makatibu wakuu na wakuu wa mashirika ya umma walitangaziwa kwamba wangeuacha mshahara wao wote wa mwezi huo ili usaidie wenye shida. Tunayakumbuka hayo kwa heshima.

Lakini na tuulize: orodha hiyo iliandikwaje? Iliandikwa usiku na mchana, wakati nyumba imekwisha shika moto. Kiongozi wa isibo ndiye aliyepaswa kuamua nani mhitaji na nani si mhitaji. Makundi ya ubudehe yaliyokuwapo wakati huo yalipanga watu kwa hali ya nyumba zao, hayakupanga kwa kazi zao. Mwashi hodari aliyepanga chumba Kimisagara hakuonekana maskini kwenye karatasi. Tena wengine walikuwa wameandikwa kijijini kwao Gicumbi au Nyamagabe, si mahali walipolala. Umaskini wake ulianza siku amri ilipotoka, na karatasi ilikuwa ya miaka ya nyuma. Hata kiongozi mwema kabisa angekosea katika hali hiyo, na tukumbuke kwamba wengi wa viongozi hao wanafanya kazi bila malipo.

Hapo ndipo tunapotofautisha hisani na haki. Gunia la mchele lililoletwa mlangoni ni hisani njema. Anayelipokea hushukuru, na asiyelipata hana pa kushtaki. Haki ni kitu kingine. Haki ina kiasi kinachojulikana, ina siku ya kulipwa, na ina ofisi ya kudai usipolipwa. Mfanyakazi aliyetii amri ya Serikali hakuomba sadaka. Alifanya kazi ambayo taifa lilimwagiza: kazi ya kukaa nyumbani ili wengine wasife. Kazi hiyo nayo ina ujira.

Na fedha za mikopo je? Tarehe 2 Aprili 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola milioni 109.4 kwa Rwanda. Mwezi Juni Serikali ikaanzisha Mfuko wa Kufufua Uchumi, ulioanza na faranga bilioni 100, hoteli zikiwa mstari wa mbele. Fedha hizo zilipitia benki zikaenda kwa wenye biashara. Hatusemi haikufaa, maana hoteli ikifilisika hata mpishi hana pa kurudi. Tunalosema ni kwamba mkopo wa umma unapotolewa kwa mwenye biashara, mkataba wake uandikwe na sharti la kuwabakiza wafanyakazi au kuwarudisha kazini, na chama cha wafanyakazi kiwe na haki ya kuusoma. Jasho la wote limelipa kodi inayodhamini mkopo ule.

FIMBO NA NENO

Lipo jambo la nidhamu, nalo halina budi kusemwa kwa utulivu. Watu waliokutwa nje baada ya saa za usiku zilizowekwa, au bila barakoa, walipelekwa katika viwanja vya mpira wakakaa huko hadi asubuhi wakisikiliza mafundisho juu ya kinga. Katika hao walikuwamo wakaidi. Lakini walikuwamo pia vibarua waliochelewa kwa sababu mabasi yaliruhusiwa kubeba nusu tu ya abiria, na foleni ya kurudi Kabuga au Nyamirambo ikawa ndefu kuliko muda uliobaki. Mtu aliyechelewa kwa ajili ya foleni hafundishwi lolote kwa kulazwa uwanjani. Mwajiri aliyemfungulia saa kumi na mbili jioni ndiye aliyepaswa kuulizwa. Yalitokea pia makosa ya watu wenye silaha dhidi ya wakazi katika mtaa mmoja wa Kigali. Jeshi lenyewe lilitangaza mwanzoni mwa Aprili 2020 kwamba askari waliotuhumiwa wamekamatwa. Kutangaza huko kulikuwa kwema.

Funzo letu ni hili: saa za kufunga mji zipangwe pamoja na saa za kufunga kazi na idadi ya mabasi. Mambo hayo matatu yanapangwa na wizara tatu tofauti, lakini yanakutana kwenye miguu ya mtu mmoja.

Tazameni pia yaliyotokea Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 2020, ilipoonekana kwamba madereva wa malori ya masafa marefu wanaambukizwa, uliwekwa utaratibu wa dereva wa nje kukabidhi lori mpakani kwa dereva mwingine. Madereva wa Tanzania wakakataa, malori yakapanga foleni, na siku kadhaa zikapotea hadi nchi mbili zikakubaliana katikati ya Mei. Katika siku hizo dereva aliitwa kana kwamba yeye ndiye ugonjwa. Alikuwa mfanyakazi anayeleta mafuta na ngano, akilala chini ya lori lake. Wanyarwanda wana msemo kwamba kichwa kimoja hakijipi shauri. Kama vyama vya madereva vya pande zote vingeitwa mezani kabla ya amri, ugomvi ule usingekuwapo. Tunalo Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi vya Afrika Mashariki lenye makao Arusha; jambo la namna hii ndilo lililoliundia.

GONJWA LA PILI LILIANZA KAZINI

Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Rwanda. Marburg ni ndugu wa Ebola, na mahali pengine umewahi kuua zaidi ya nusu ya walioupata. Hapa waliugua watu 66, wakafa 15. Tarehe 20 Desemba 2024 ilitangazwa kwamba umekwisha. Kufa chini ya mtu mmoja katika wanne ni mafanikio makubwa kwa ugonjwa huo. Chanjo ya majaribio ilianza kutolewa tarehe 6 Oktoba, siku tisa tu baada ya tangazo, na waliotangulizwa ni watumishi wa afya. Nchi haikufungwa, wala masoko hayakufungwa. Serikali ilikuwa imejifunza kufuata ugonjwa ulipo badala ya kuwafungia watu wote. Kwa hilo tunasema hongera.

Lakini angalieni waliougua ni akina nani. Uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa ulianzia kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi katika machimbo ya madini, ndani ya pango wanamokaa popo wala matunda. Kisha ukaingia hospitalini, na karibu asilimia 80 ya wagonjwa walikuwa watumishi wa afya. Kwa maneno mengine, ulitoka kwa mfanyakazi wa shimoni ukawakuta wafanyakazi wa wodini. Muuguzi alimgusa mgonjwa kabla haijajulikana anaugua nini, kwa kuwa kumgusa ndiyo kazi yake. Huu ulikuwa ugonjwa wa kazini kama vile mkono uliokatwa na msumeno ni ajali ya kazini.

Kila mwajiri anayefuata sheria hulipa asilimia 2 ya mishahara kwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB, kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Basi muuguzi, daktari, mfagiaji wa wodi, dereva wa gari la wagonjwa na mchimba madini aliyeambukizwa kazini ahesabiwe bila mabishano kuwa ameumia kazini, na watu wake walipwe. Mfagiaji tunamtaja kwa makusudi. Mara nyingi ameajiriwa na kampuni ya usafi na si na hospitali, na glavu zake huwa za mwisho kununuliwa.

Mwezi Juni 2025 Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva ulipitisha Mkataba namba 192 juu ya hatari za vijidudu mahali pa kazi. Ni mkataba wa kwanza wa aina hiyo duniani. Chini ya katiba ya Shirika hilo, kila nchi mwanachama inapaswa kuupeleka mbele ya wenye mamlaka ya kutunga sheria. Nchi iliyopambana na Marburg kwa ustadi kama Rwanda ina haki ya kuwa mstari wa mbele katika kuuridhia, na sisi tuna wajibu wa kukumbusha.

WATAULIZA: FEDHA ZITATOKA WAPI?

Swali hili ni la haki, na tusilikimbie. Rwanda si nchi tajiri. Tena mfanyakazi mwenye mkataba amekwisha lemewa na makato. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu akilipa mwajiri na nusu mfanyakazi. Tukimwambia kuna kato jingine, atatuuliza kama tuko upande wake au upande wa nani.

Jibu letu tunalichukua hapa hapa nyumbani. Zamani mama aliyejifungua alilipwa mshahara kamili kwa wiki sita. Akitaka wiki sita nyingine, alipata sehemu ya tano tu ya mshahara wake. Wengi walirudi kazini maziwa yakiwatoka. Mwaka 2016 ikawekwa sheria: mfanyakazi achangie asilimia 0.3, mwajiri asilimia 0.3, na RSSB ilipe wiki sita zile za pili. Wanaume wanachangia, wazee wanachangia, na wasio na mpango wa kuzaa wanachangia. Kato ni dogo kiasi kwamba hakuna aliyeuza mbuzi kwa ajili yake, na mwajiri hana tena sababu ya kumkimbia mwanamke mwenye mimba. Mfuko wa kulipa sehemu ya mshahara kazi inapofungwa kwa amri ya Serikali waweza kujengwa kwa mfano huo huo: asilimia ndogo kwa mfanyakazi, ndogo kwa mwajiri, na Serikali iweke ya tatu. Ukianza kuchangiwa wakati wa afya, utakuwa umejaa wakati wa ugonjwa.

Na kibarua asiye na mwajiri wa kudumu? Kwake upo mfano wa Ejo Heza, akiba ya uzeeni ambayo mtu huchangia kwa simu kidogo kidogo na Serikali humwongezea. Njia ya kumfikia mfinyanzi wa Gatagara na mama muuza nyanya wa Kimironko imekwisha chimbwa. Kilichobaki ni kupitisha ndani yake maji ya aina nyingine: akiba ya dharura inayofunguka siku amri ya kufunga kazi inapotangazwa.

Liko pia tatizo la msingi. Janga lilipoingia mwaka 2020, kima cha chini cha mshahara kilichokuwa kwenye vitabu kilikuwa bado kile cha mwaka 1980, faranga 100 kwa siku. Fedha hiyo haikununua hata kilo moja ya maharage. Tutahesabuje sehemu ya mshahara wa kibarua anapofungiwa kazi, ikiwa sakafu ya mshahara wenyewe haina maana? Kwa hiyo dai la posho ya dharura na dai la kima cha chini ni dai moja lenye miguu miwili.

MADAI YETU

Tunayaweka hapa kwa ufupi ili matawi yayajadili:

1. Sheria iwekwe kwamba amri yoyote ya kufunga kazi kwa ajili ya ugonjwa itatoka siku moja na tangazo la posho: kiasi gani, kwa nani, na itapokelewa wapi.

2. Uanzishwe mfuko wa pande tatu chini ya RSSB, wenye wajumbe wa wafanyakazi katika uongozi wake, kwa mfano wa ule wa uzazi.

3. Siku 90 za kusimamishwa kazi zisiwe siku 90 za njaa. Anayesimamishwa kwa amri ya Serikali alipwe sehemu ya mshahara kutoka mfuko huo, na mituweli au bima yake isikatike.

4. Orodha za vibarua zitengenezwe sasa, wakati wa utulivu, kwa kushirikiana na vyama vya wajenzi, vya motari, vya masoko na vya wafanyakazi wa nyumbani. Chama kinamjua mtu kwa kazi yake, na isibo inamjua kwa nyumba yake. Orodha mbili zikilinganishwa, watakaosahauliwa watakuwa wachache.

5. Ugonjwa wa mlipuko unaompata mtumishi wa afya, mfagiaji au mchimba madini kazini utambuliwe kuwa ugonjwa wa kazini, na Mkataba namba 192 uridhiwe.

6. Kamati za kupambana na milipuko, za taifa na za wilaya, ziwe na kiti cha wafanyakazi na kiti cha waajiri.

KAZI YA MATAWI

Ndugu wafanyakazi, tusidhani kwamba madai haya yatatembea yenyewe kutoka ukurasa huu hadi Bungeni. Yapo tunayoweza kuyafanya bila kungoja mtu. Kila tawi linalokaribia kufanya upya mkataba wa pamoja na mwajiri liweke mezani kifungu juu ya mlipuko: nani atabaki kazini, kwa zamu zipi, kwa vifaa gani vya kinga, na anayetakiwa kukaa nyumbani atalipwa nini. Waajiri wenye busara watakubali, kwa kuwa nao waliona mwaka 2020 walivyowapoteza mafundi wao hodari, ambao hawakurudi tena.

Kila kikundi cha kuweka akiba, kila kimina cha motari na cha mama wa sokoni, kifungue kisanduku kidogo cha dharura na kukiandikia masharti yake. Katika kufungwa kwa Julai 2021 vikundi vyenye visanduku vya namna hiyo vilikula kabla magunia hayajafika.

Na wale tuliokuwa na mishahara wakati wenzetu hawana, tusione kwamba jambo hili si letu. Mwalimu wa shule ya Serikali na mwalimu wa shule ya binafsi walisoma chuo kimoja. Mwaka 2020 mmoja alilipwa na mwingine alikwenda kulima shamba la watu. Tofauti yao haikuwa bidii wala elimu. Ilikuwa karatasi ya ajira.

Mkutano wa matawi ya Kigali ujao utapokea maoni juu ya madai haya sita. Kila tawi lilete maandishi yake, hata kama ni mstari mmoja, na lilete pia majina ya wanachama waliosimamishwa kazi mwaka 2020 na ambao hawajalipwa haki zao hadi leo. Kudai haki yao ndiyo kazi yetu ya kwanza.